MALAIKA: Wimbo Mmoja, Matoleo Kibao, na Swali Ambalo Halijafa – Nani Mwenyewe?

Nenda ukumbi wowote wa harusi Mbeya, iwe Soweto, Mwanjelwa au kule Uyole. Au shuka Iringa, ingia Kihesa au Gangilonga Jumamosi jioni. Vijana watacheza Bongo Fleva na amapiano, wazee watasubiri kwaya. Halafu DJ atapunguza kelele, ataweka "Malaika", na ukumbi mzima utaimba. Bibi wa miaka 70 anaujua. Mtoto wa darasa la nne anaujua. Hata mgeni wa kizungu aliyekaa meza ya nyuma anaujua, ingawa yeye mara nyingi anadhani ni wimbo wa kubembelezea mtoto alale.

Sasa uliza pale mezani: huu wimbo ni wa nani?

Hapo ndipo soda zinawekwa chini na ubishi unaanza. Mmoja atasema wa Miriam Makeba. Mwingine atakwambia acha ushamba, huo ni wa Boney M. Mzee wa kona atatikisa kichwa na kusema Fadhili William wa Kenya. Na akiwepo mjuaji zaidi yake, atasema kimya kimya kwamba wote wamekosea, mtunzi ni Mtanzania anaitwa Adam Salim.

Kila mmoja ana sababu yake. Na ubishi huu si wa kupotezea muda tu, kwa sababu chini ya mapenzi ya wimbo huu kuna hela, na chini ya hela kuna karatasi. Msanii chipukizi wa Mbeya au Iringa ambaye leo anarekodi ngoma kwenye studio ya chumba kimoja anatakiwa aijue hii story kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwanza, wimbo wenyewe unasema nini?

Watu wengi wanaimba bila kusikiliza. Ukisikiliza vizuri, "Malaika" si wimbo wa furaha hata kidogo. Ni kijana amempenda msichana, anamwita malaika, anamfananisha na ndege mdogo asiyemtoka akilini. Anataka kumuoa. Tatizo moja tu: hana kitu. Mkwanja haupo. Mapenzi yapo, nia ipo, lakini mali imemshinda, na yeye hajui afanye nini.

Yaani ni wimbo wa mtu aliyefeli posa. Halafu ndio huohuo unaopigwa kwenye harusi za waliofanikiwa! Hakuna anayeona ajabu, maana sauti yake ni tamu na neno "malaika" linatosha kufunika mengine yote.

Kitu kingine cha kusikiliza ni kitenzi. Kwa Kiswahili mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Wimbo uliandikwa kwa mdomo wa mwanaume, kwa hiyo anasema habari ya kuoa. Wanawake wakubwa wa Afrika walipokuja kuuimba, waliacha maneno yabaki yalivyo. Ukisikia sauti ya kike inalalamika kwamba ingekuoa kama si kukosa mali, jua wimbo umeshasafiri mbali na kwao.

Kwa nini Nyanda za Juu wanauelewa haraka

Wimbo huu haukutungwa Mbeya wala Iringa. Lakini hali inayoimbwa ndani yake, huku watu waliiishi kabla hata haujarekodiwa.

Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, mahari ilikuwa ng'ombe. Mtafiti Monica Wilson aliyekaa kule miaka ya 1930 aliandika jinsi vijana walivyochelewa kuoa kwa sababu ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee. Mzee mwenye ng'ombe wengi alioa wake wengi, kijana asiye na ng'ombe alisubiri. Nguvu unazo, shamba unalima, mchumba unaye, lakini zizi si lako. Unakuwa mpole.

Kijana afanyeje? Anaondoka. Wengine walikwenda Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, iliyokuwa imepamba moto miaka ya 1930. Wengine walivuka mipaka wakaenda migodi ya shaba Zambia, na wengine mbali zaidi, migodi ya dhahabu Afrika Kusini. Kule chini ya ardhi ndiko ng'ombe wa mahari walikotafutwa. Safari za Afrika Kusini zilikuja kukatwa baada ya Tanganyika kupata uhuru 1961, kwa sababu serikali mpya haikutaka kupeleka watu wake kwa makaburu.

Upande wa Iringa na Njombe njia ilikuwa nyingine. Wabena, Wahehe na Wakinga walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alipewa namba na kipande cha kazi. Siku inahesabiwa ukimaliza sehemu yako ya shamba, na kipande kikijaa ndio unalipwa. Kijana alikwenda akiwa na nia moja kichwani: arudi na kitu, akapeleke posa. Wapo waliorudi wakamkuta mchumba ana watoto wawili wa mtu mwingine.

Kwa hiyo kijana wa Makete au Tukuyu wa miaka ile akisikia mtu analalamika redioni kwamba mali imemshinda, hahitaji kufafanuliwa. Na wa leo naye hahitaji. Badilisha ng'ombe weka milioni, badilisha mgodi wa shaba weka bodaboda ya mkataba, hadithi ni ileile.

Toleo la kwanza: Nairobi

Sauti ya kwanza iliyoingia kwenye santuri ni ya Fadhili William Mdawida, Mtaita wa Kenya aliyezaliwa 1938. Aliurekodi na bendi yake ya Jambo Boys kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha akaurekodi tena mwaka 1963 na kundi la Black Shadows, chini ya lebo ya Equator ya Nairobi iliyokuwa ya Mzungu Charles Worrod.

Sikiliza toleo lile leo. Gitaa limetulia, sauti ya jamaa haina mbwembwe, anaimba kama mtu anayeongea na rafiki yake nje ya kibanda cha chai. Hakuna vayolini, hakuna waitikiaji ishirini. Nairobi ya wakati ule ilikuwa inavuta wanamuziki kutoka kila kona ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Ngoma ikitoka Nairobi, baada ya muda mfupi ilishafika Dar, Tanga, Kampala na kuendelea.

Kumbuka kitu hapa: tangu mwanzo wimbo ulikuwa na matoleo mawili ya mtu yuleyule. Huo peke yake si ugomvi. Msanii ana haki ya kurudia kazi yake mara kumi akitaka. Ugomvi unakuja wimbo unapotoka nje ya nyumba na jina la mwenyewe linabaki ndani.

Wimbo unapanda ndege

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja kule Marekani. Makeba alikuwa Mwafrika Kusini ambaye makaburu walimfutia pasi ya kusafiria mwaka 1960, kwa hiyo hakuweza kurudi kwao. Belafonte alikuwa staa mkubwa wa Marekani. Ndani ya albamu ile "Malaika" upo, wanauimba wawili, kwa utulivu wa hali ya juu. Mwaka 1966 albamu ikashinda tuzo ya Grammy upande wa muziki wa asili. Tangu hapo, kwa watu wengi duniani, huu ukawa wimbo wa Makeba. Hakusema ameuiba, na wala hakuhitaji kusema. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walisahau kuuliza.

Kule Sweden, bendi ya vijana iliyoitwa Hep Stars nayo ikautoa miaka hiyohiyo ya 60. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson. Kama jina halikupi kitu, huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Yaani kabla dunia haijaijua ABBA, jamaa alishapigia kinanda wimbo wa posa iliyofeli wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1981 wakaja Boney M wa Ujerumani, wale wa disko. Wakaupa mdundo wa kuchezeka, wakautoa kama singo na kuuweka kwenye albamu yao ya "Boonoonoonoos". Kama mama yako au shangazi yako aliwahi kuwa na kaseti ya Boney M, toleo hili ndilo alilolijua. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwenye albamu yake ya "Logozo", kwa sauti ile yake inayopasua ukuta.

Ukiyapanga matoleo haya mfululizo unaona kitu cha ajabu. Kila toleo linavyozidi kuwa kubwa, ndivyo yule kijana asiye na hela anavyozidi kupotea. Kwa Fadhili unamsikia kabisa. Kwa Makeba na Belafonte umebaki uzuri na huzuni. Kwa Boney M unacheza. Msikilizaji wa Ulaya haelewi Kiswahili, kwa hiyo kwake pesa na mahari hazipo kabisa, lipo neno moja tu linalomaanisha malaika.

Na kwenye baadhi ya santuri za huko, sehemu ya jina la mtunzi iliandikwa kwamba ni wimbo wa jadi. Neno dogo tu hilo. Lakini maana yake ni nzito: wimbo hauna mwenyewe, ni wa "Waafrika", hakuna wa kumpelekea cheki.

Wanaodai ni wao

Haya, mwenyewe ni nani sasa?

Wa kwanza ni Fadhili William. Ndiye aliyeurekodi mapema, ndiye aliyetambulika kwenye mambo ya malipo ya mtunzi, na hadi anafariki Nairobi Februari 2001 alishikilia kwamba ni wake.

Wa pili ni Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa 1916. Story yake ndiyo inayoumiza kuliko zote. Inasimuliwa kwamba aliutunga katikati ya miaka ya 1940 alipokuwa akiishi Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wazazi wa msichana walimkataa kwa sababu hakuwa na kitu, na binti akaozwa kwa mwanaume mwingine mwenye uwezo. Ukiisoma hiyo halafu ukarudi kwenye maneno ya wimbo, unaona vinafanana sana. Lakini kufanana si ushahidi. Vijana waliokosa mahari miaka ile walikuwa maelfu, na kila mmoja angeweza kusema wimbo unamhusu.

Yupo Grant Charo wa Kenya, naye alidai kalamu ilikuwa yake. Yupo na Lucas Tututu wa Malindi. Kwa hiyo watu wanne, nchi mbili, wimbo mmoja.

Kwa nini haikuwezekana kumaliza ubishi? Kwa sababu wakati unatungwa, aliyetunga hakuandika tarehe. Wimbo ulipita mdomo kwa mdomo, kwenye harusi, vilabuni, kwa mtu mwenye gitaa na mwenzake asiye na gitaa. Mtu anausikia Mombasa, anaufikisha Nairobi, mwingine anaongeza ubeti. Siku mashine ya kurekodi ilipowashwa, aliyekuwa mbele ya maikrofoni ndiye aliyepata jina. Anaweza kuwa ndiye mtunzi kweli. Anaweza asiwe. Mashine haikuuliza swali hilo, iliuliza tu: uko tayari?

Si Malaika peke yake

Kama unadhani ni bahati mbaya ya wimbo mmoja, msome Solomon Linda. Huyu alikuwa Mzulu wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi "Mbube" Johannesburg katika kampuni ya Gallo, akauza haki zake kwa shilingi 10. Shilingi kumi! Wimbo ukaenda Marekani, ukageuzwa kuwa "The Lion Sleeps Tonight", kundi la The Tokens likafanya nao vizuri kupita kiasi 1961, na baadaye ukaingia mpaka kwenye katuni ya "The Lion King" ya 1994. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilikuja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, baada ya kesi.

Hata pwani ya Kenya walionja. Them Mushrooms walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, ulioandikwa na Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata haohao Boney M wakatoka na toleo lao. Ila safari hii bendi ilikuwa na santuri yake mkononi na mtunzi anajulikana kwa jina. Tofauti inaanzia hapo.

Sasa linganisha na Japani. Kuna bendi ya metali nzito inaitwa X Japan, wale wa nywele za kusimama na ngoma za kasi. Pamoja na makelele yote yale, wanajulikana sana kwa nyimbo zao za taratibu za kulia. Mmoja unaitwa "Forever Love", ulitoka 1996 na ukatumika kwenye filamu ya katuni. Desemba 1997 ukatoka tena ukiwa umechanganywa upya, ukaitwa "Last Mix", kwa sababu bendi ilikuwa inavunjika. Onyesho la mwisho lilikuwa Tokyo Dome tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2001 waziri mkuu wa Japani, Junichiro Koizumi, ambaye alikuwa shabiki wao wa kutupwa, akautumia kwenye tangazo la chama chake, na wimbo ukarudi tena sokoni.

Hesabu: wimbo mmoja, unatolewa na kurudiwa, una mdundo huu na ule, unafika mpaka kwenye siasa. Lakini uliza Mjapani yeyote anayeijua bendi ile mtunzi ni nani. Atakujibu bila kufikiria: Yoshiki, mpiga ngoma na kinanda wao. Hakuna wanne wanaodai. Mapenzi ya wimbo ni yaleyale, machozi ni yaleyale. Tofauti ni karatasi.

Iringa ilipokuwa na bendi ya kiwandani

Turudi nyumbani… yaani msomaji arudi nyumbani, Iringa. Miaka ya 1980 mji huu ulikuwa na bendi iliyotikisa nchi nzima: Tancut Almasi Orchestra. Jina lilitokana na kampuni ya umma ya kukata almasi iliyokuwa pale Iringa. Ndani yake walikuwemo mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na nyimbo kama "Nimemkaribisha Nyoka" zilipigwa redioni mpaka watu wakazikariri.

Wakati ule bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika. Vyombo ni vya shirika, basi ni la shirika, mwanamuziki ni mwajiriwa. Kurekodi, unakwenda Dar es Salaam studio za Radio Tanzania. Wimbo unapigwa, nchi nzima inaimba, na mwanamuziki anarudi Iringa kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Hakuna aliyeona tatizo, maana maisha yalikuwa hivyo na sifa ilikuwa kubwa. Tatizo lilikuja kuonekana mashirika yalipoyumba. Vyombo vikienda, bendi imekufa. Kilichobaki ni sauti kwenye mikanda ambayo mwanamuziki hakuwa na nakala yake.

Leo nyimbo zile ziko mtandaoni, watu wasiojulikana wamezipandisha, zina wasikilizaji kibao. Nenda kaangalie maelezo chini yake. Mara nyingi jina la bendi lipo, la mtunzi halipo. Unaona jinsi "Malaika" inavyojirudia? Hakuna aliyekusudia kumwibia mtu. Jina linadondoka tu njiani, kama mzigo uliofungwa vibaya juu ya basi.

Mbeya na somo la Tetema

Halafu yupo mtoto wa Mbeya. Rayvanny alizaliwa Mbeya mwaka 1993. Mwanzoni mwa 2019 alitoa "Tetema" akiwa na Diamond Platnumz, biti ikiwa imepikwa na S2Kizzy. Ngoma ikashika Afrika nzima. Zikaja remiksi, ikiwemo moja yenye Patoranking na Zlatan wa Nigeria.

Mwaka 2021 Maluma wa Kolombia, staa mkubwa wa muziki wa Kilatini, akaja na toleo lake, "Mama Tetema". Sasa angalia kilichotokea tofauti na mwaka 1965. Rayvanny hakubaki Tanzania akisikiliza wimbo wake redioni kwa sauti ya mtu mwingine. Jina lake lilikuwa kwenye wimbo, sauti yake ilikuwa ndani, na Novemba 2021 alisimama jukwaani na Maluma kwenye tuzo za MTV za Ulaya kule Budapest, Hungary. Mtoto wa Mbeya, anaimba Kiswahili, mbele ya Ulaya.

Watu walisherehekea mavazi na jukwaa, ni sawa. Lakini cha kusherehekea zaidi ni kitu kisichoonekana kwenye video: kwamba wimbo ulisafiri na mwenyewe. Fadhili William hakupata hiyo wakati Makeba na Belafonte wanachukua Grammy. Adam Salim, kama kweli ni yeye, hakupata hata kutajwa.

Sheria inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999. Ndiyo iliyoleta COSOTA. Kwa lugha ya mtaani, mambo matatu ya kushika ni haya.

Moja, wimbo ni wako tangu ulipoutunga na kuuweka mahali panapoonekana au kusikika. Huhitaji kibali cha mtu ili uwe mtunzi. Lakini kuwa mtunzi na kuthibitisha kwamba wewe ndiye mtunzi ni vitu viwili. Kusajili ndiko kunakokupa cha kuonyesha siku ya ubishi.

Mbili, mtunzi, mwimbaji na aliyerekodi ni watu watatu tofauti hata kama wote ni wewe. Aliyekuandikia ubeti wa pili mkiwa mmekaa Mafiati mnakula mishikaki ana chake. Prodyuza aliyetengeneza mdundo ana chake. Mkikubaliana mdomo tu, mnazalisha "Malaika" nyingine.

Tatu, haki ya mtunzi haizikwi naye. Inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo inakwenda kwa watoto na hata wajukuu. Kenya nao wanahesabu hivyohivyo. Sasa piga hesabu: kama "Malaika" ni ya Fadhili William aliyefariki 2001, basi wimbo una mwenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2051. Kama ni wa jadi, hauna wa kulipwa hata leo. Neno moja kwenye lebo ya santuri linaamua kama kuna familia itakayokula kwa jasho la mzee wao au la.

Ndiyo maana ubishi wa mezani si wa kijinga.

Kwa hiyo, ni ya nani?

Ukitaka jibu la mahakamani, Fadhili William ndiye mwenye ushahidi mzito, kwa sababu sauti yake ndiyo ya kwanza kwenye santuri. Ukitaka jibu la moyoni, wengi wataegemea kwa Adam Salim, kwa sababu story yake inaumiza na tunapenda wimbo uwe na jeraha la kweli nyuma yake. Lakini jeraha si hati. Na hapo ndipo pagumu: inawezekana aliyeumia hakuwa aliyerekodi, na inawezekana pia aliyerekodi aliumia vilevile bila kumsimulia mtu.

Jambo moja halina ubishi. Huyo kijana wa kwenye wimbo alikosa mke kwa sababu hakuwa na mali. Halafu wimbo wake wenyewe ukageuka mali, ikazunguka dunia nzima, ikapita Nairobi, New York, Stockholm na Berlin, na sehemu kubwa ya hiyo mali haikumrudia yeyote kati ya hao wanne kwa kiwango inachostahili. Alishindwa na mali mara mbili. Mara ya kwanza hakuwa nayo, mara ya pili aliitengeneza yeye na ikapita mbele ya macho yake.

Kwa hiyo wewe uliye na ngoma tatu kwenye simu, uko Ilemi, uko Ipogolo, uko Mafinga, unasubiri siku ya kutoka: kabla hujamtumia DJ kwa WhatsApp, andika jina lako, andika ya wenzako mlioandika nao, weka tarehe, kasajili. Haichukui muda kama unavyodhani, na hakika haichukui miaka 60.

Na wewe mdau, kwenye harusi yenu "Malaika" ilipigwa toleo la nani? Na kwenu mzee anasema mtunzi ni nani? Dondosha komenti hapo chini, ubishi uendelee kwa amani.